Ile Yenye Moshi

Chema chajiuza, walisema wahenga,
lakini wahenga hawakuwahi kununua bando.

Mwezi wa saba, Tabora, baridi kavu ya asubuhi:
mama mdogo Kalunde kashuka na basi la Sikonge,
ndoo tano za asali, vifuniko vimefungwa kwa kanga chakavu.
"Wewe uliyesoma biashara," akasema, "ziuze."

Nikaziuza kama nilivyofundishwa.
Chupa moja nikaivisha utepe wa dhahabu,
nikaazima meza ya jirani yenye kitambaa cheupe,
nikapiga picha, nikaisugua kwa rangi za simu
hadi ikang'aa kuliko asali yenyewe.
Chini yake nikatunga, vina na mizani:

    Njooni wetu wateja, asali tumeileta,
    Lita kumi, lita moja, utakayo utapata,
    Haina hata kioja, si sukari ya kuchota,
    Piga simu bila hoja, kesho usije kujuta.

Mioyo myekundu mia tatu na kumi kwa siku moja.
"Moto!" "Hongera dada." "Jamani Tabora!"
Aliyenunua, hakuna.
Nikalipia tangazo, elfu kumi ya mama mdogo,
likawafikia watu elfu nne, ndivyo simu ilivyodai.
Mmoja aliuliza kama tunauza na saruji.

Mama mdogo yuko mlangoni, anamenya karanga.
"Hao elfu mbili wanaokufuata,
wakikufuata wanafika wapi?"

Nikampa simu kwa hasira: haya, sema wewe.

Akaishika kama anavyoshika kienge mzingani,
mbali kidogo na uso, akaongea:

"Mimi Kalunde binti Msabila, wa Sikonge.
Asali imeganda kwa baridi, msidhani sukari.
Chupa iwekeni kwenye maji ya vuguvugu, yasichemke, itarudi.
Ndoo nne ni za maua ya mtundu, nyeusi kidogo, nzuri.
Ya tano inanuka moshi. Kaka yangu Kasanda alizidisha;
nyuki walimwandama, akaogopa.
Hiyo siisifii. Anayeitaka nitampunguzia."

Nilitaka kuifuta. Nani huanza na kasoro?
Kabla ya adhuhuri, mtu wa Mbagala:
"Ile yenye moshi bado ipo?"
Kisha nesi wa Kigoma, lita tatu.
Kisha mwalimu wa Urambo, aliyetaka kwanza kujua
Kasanda aliumwa mara ngapi.
(Kumi na saba. Mama mdogo alimjibu mwenyewe,
kwa herufi kubwa, kwa kidole kimoja, nusu saa nzima.)
Wa Mbagala akaandika tena, usiku:
"Babu yangu naye alikuwa akizidisha. Usinipunguzie."

Tukaosha chupa hadi saa sita.
"Nyuki hakimbizwi," akaniambia.
"Unapaka nta ndani ya mzinga, unautundika, unaondoka.
Unarudi kuangalia. Mingine huingia siafu."
"Kwa hiyo mtandao ni mzinga?" nikauliza, nikitafuta kalamu.
"Mtandao siujui. Nakueleza habari za nyuki."

Alfajiri nilikuwa stendi,
namba ya kondakta nimeiandika kwa wino mzito juu ya kifuniko,
na jina la mteja, na neno MOSHI,
wapakiaji wakicheka.

Ndoo ya tano iliisha Alhamisi.
Zile nne nzuri zinakwenda polepole.
Kila anayeandika anaulizia ile, ile ya Kasanda,
na leo Kasanda mwenyewe kapiga simu kutoka porini,
mtandao unakatika, sauti imejaa majivuno:
anauliza kama safari hii
azidishe moshi makusudi.

Mama mdogo kaacha kumenya.
Ananitazama mimi,
niliyesoma biashara.