Sekunde Mbili Bila Maandishi

Filamu zilikuwa chini, ukumbi mkubwa, viti vyekundu.
Sisi wa maneno tulipandishwa juu,
chumba cha ghorofa ya pili, Glasgow, mwezi wa Machi,
hita inakohoa kama mtu anayetaka kuchangia hoja.
Semina ya Nne: Lugha na Skrini. Kiingilio bure.
Waliokuja, kumi na tisa;
wawili kati yao walikuwa wanakimbia mvua.

Nilivikwa kitambulisho shingoni.
Naitwa Tatu. Waliandika Tutu.
Sikulalamika, kazi yangu ni kusahihisha vya wengine:
mwaka wa kumi na mbili huu naandika yale maneno meupe
yanayopita chini ya picha kama sisimizi,
herufi thelathini na saba kwa mstari,
sekunde sita, yafutike.
Hakuna aliyewahi kutoka sinema akisifu sisimizi.

Mwenyekiti, Dokta Abernethy, akafuta miwani kwa tai,
akaeleza kwa dakika kumi na nane
kwamba tafsiri ni daraja.
Mwenzake wa Leeds akakataa: tafsiri ni jeraha.
Daraja, jeraha, daraja, jeraha.
Kwa Kiswahili angalau yanagongana vizuri,
nikawaza; kwa lugha yao hata hilo hawana.
Pembeni sandwichi za tango zinakauka,
zinajikunja kama masikio.

Ndipo mama mmoja, mstari wa nyuma, koti la mvua bado mwilini:
"Yule mwanamke wa filamu ya jana,
aliyeambiwa na karani wa hospitali arudi Jumatatu.
Alifanya kitu kwa meno. Wewe ukaandika, Nimechoka.
Hakusema amechoka. Nilimwona."

Mwenye macho haambiwi tazama.

Dakika ya arobaini na moja. Naijua.
Naujua na usiku wenyewe, kazi inatakiwa asubuhi,
na mteja hapendi nafasi tupu.
Nikaisogelea maikrofoni.
Nikasonya.

Si msonyo wa mzaha. Ule wa shangazi Mwanjaa, Tanga,
akimwona mwenye nyumba anakuja kupandisha kodi:
mrefu, una unyevu, unaanzia kwenye gego
unaishia nje ya mlango.
Spika zikaupokea, zikauongeza.
Abernethy akarudi nyuma na kiti chake.

"Huo," nikasema. "Ndani yake mna karani, mna foleni,
mna Jumatatu tano zilizopita
na mtoto mgongoni ambaye homa imemnyamazisha."

Yule mama, Effie Macaskill, mzaliwa wa kisiwa cha Lewis,
akasema kwao bibi zao walikubali jambo kwa kuvuta pumzi.
Akatuonyesha: hewa ikaingia ghafla,
kama mtu aliyetumbukiza mguu kwenye maji baridi,
na ndani ya hewa hiyo "ndiyo",
ikirudi ilikotoka.
"Daktari alimwuliza mama kama ameelewa.
Akajibu hivyo. Akaulizwa tena. Mara tatu."
"Akaandika nini kwenye faili?"
"Hajibu."

Tulipitiliza muda dakika ishirini.
Watu wazima na shahada zao wakajifunza kusonya, wakarusha mate.
Mimi nikajaribu kuivuta ile ndiyo, nikapaliwa.
Abernethy alikuwa mbovu kuliko wote,
utadhani anatoa nyama iliyokwama,
mpaka mhudumu alipokuja kutuzimia taa:
ukamtoka, safi, wa shangazi kabisa.
Alishtuka mwenyewe.

Usiku, hotelini, nikafungua kompyuta.
Nikafuta Nimechoka.
Kielekezi kikabaki kinapepesa. Mteja bado hajui.

Jumapili waliirudia. Nilikaa nyuma.
Karani akasema Jumatatu, mwanamke akamtazama,
chini ya uso wake hapakuwa na sisimizi hata mmoja,
na gizani, viti vitatu mbele yangu,
mtu akavuta pumzi.