Vyungu vya Akiba

Mwaka wa kwanza mama aliuliza kwa simu:
"Huo udaktari wenu, mnasomea ugonjwa gani?"
Mchicha, mama.
Akanyamaza. Nikasikia sufuria ikifunikwa kule Mlalo.
"Mchicha," akasema. "Na nauli yote ile."

Sikumwambia kwamba kazi yangu ni kuumaliza.

Huku Saskatoon hauitwi mboga.
Unajiotea katikati ya ngano na dengu za watu,
shina jekundu pale linapogusa udongo;
wanaupiga dawa, unanyauka siku tatu,
wa nne unainua shingo.
Kwa nini haufi? Ndilo swali langu,
kurasa mia mbili na kitu, miaka minne,
Mungu na idara ya uhamiaji wakipatana.
Nimeshapata jeni moja ninayoishuku:
inajinakili, inajinakili,
kama mtoto anayeogopa kufeli.
Profesa Tkachuk anasema huo bado si ushahidi.

Januari. Nje nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
kope zinagandana kati ya basi na mlango.
Ndani ya banda la vioo taa zinaunguruma
na Wendell, fundi wa banda, amevaa kaptula.
Kila chungu na kibandiko chake:
nusu dozi, dozi kamili, dozi mara nne,
kisha safu isiyopigwa kitu, ya kulinganishia,
na nyuma yake vyungu kumi na viwili vya akiba
ambavyo havikuhitajika,
vimenenepa kwa ufidhuli, jani kama kiganja.

Jaribio likaisha. Vya akiba, pipani.
Ndivyo mwongozo unavyosema.

Ijumaa jioni jengo lilipotulia
nikachuma ncha, nikaacha shina,
kama nilivyofundishwa kabla ya kufundishwa kusoma.
Kitunguu. Nyanya ya kopo. Karanga za kutwanga sikupata,
nikatia ile siagi ya karanga ya dukani, yenye sukari,
nisamehewe.

Harufu ikamleta Wendell na kijiko chake mwenyewe.
Akala kimya. "Babu yangu angelia," akasema.
"Aliling'oa jani hili kwa mkono, miaka hamsini."
Akaongeza.

Daftarini niliandika: akiba, kumi na viwili, vimeondolewa.
Safu ya maelezo nikaiacha wazi.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
mimi mwaka wa tatu wamenipa ufunguo wa banda
na wanafunzi wawili wa kuwafundisha kupima majani.

Juzi mama kapiga tena.
"Hujaumaliza tu huo mchicha?"
Bado, mama. Mkaidi.
Akacheka hadi akakohoa. "Basi weka mbegu."

Nimeweka. Ziko kwenye bahasha, ndani ya friza ya maabara,
nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Afadhali huko kuliko nje.