Gari Lipo

Gari lipo. Limelala uani, Mikindani,
chini ya turubai, kama maiti anayengoja jamaa.
Kuku wa Bi Mwanakombo ametagia chini ya injini;
bima iliisha tangu mfungo sita.

Shemeji Lali hachoki:
"Mtu na gari lake, jasho la nini?"
Simjibu. Najaza upepo.

Njia yangu haina jina.
Yaanzia nyuma ya ghala la mahindi,
yaambaa mikoko, yazama kwenye changarawe nyeupe
pale breki zinaposema kweli.
Kisha Makupa: malori yamesimama hadi Changamwe,
napenya kando, bega kwa tairi,
shahada i mdomoni.

Sijidai shujaa.
Usiku ule uchungu ulipomshika Zuhura
sikumpakia kwenye kerieri.
Nilifunua turubai. Likakataa, likakataa,
mara ya tatu likawaka,
likatufikisha.

Basi siliuzi.
Kila Ijumaa naliamsha, lakohoa kidogo, nalizima,
nakunja suruali mguu wa kulia.
Mwanangu, ndani, kashika usukani wa gari lisiloenda,
apiga honi.
Nami, langoni, namjibu kwa kengele.