Mara ya Mwisho Kuingia

Hodi ya kompyuta haina sauti.
Naandika jina la seva, nabonyeza,
na kule Ujerumani, katika chumba cha baridi nisichowahi kukiona,
kitu kinauliza: nani?

Mwanakheri alinifundisha, ofisini Shimanzi,
feni ikikwaruza, malori yakihema foleni huko chini.
"Usijibu *mimi*. Mimi ni kila mtu.
Kufuli mpe yeyote, libandike hata ukutani Makadara.
Ufunguo usitoke kwenye kompyuta yako:
si kwa bosi, si kwa mwenzio wa ndani, si kwangu."

Nilipoandika nywila mara ya kwanza
kioo hakikuonyesha hata nukta.
Nikadhani kibodi imekufa.
Alicheka hadi akamwagia kahawa hati ya kontena la mchele.
"We andika tu. Inasikia.
Haina tabia ya kurudia siri za watu."

Arubaini yake tumesoma juzi.
Jana bosi kaniletea karatasi: futa ufunguo wa marehemu.
Si ukatili. Mlango usio na mwenyewe
mwizi huujua kabla ya jirani.

Saa nane za usiku, Kisauni, stima imerudi.
Nashusha kwanza alivyotuachia, programu ndogo ndogo
za kupeleka hati za meli kila alfajiri.
Asilimia arubaini. Sitini na moja. Mtandao wakatika,
naanza tena palipokatikia.
Ndani, katikati ya amri, sauti yake:
*usiguse mstari huu, utalia.*

Kisha orodha ya wanaoruhusiwa.
Mistari mitano, herufi zimesukwa ovyo hazisomeki,
ila mwishoni pana jina,
na jina la kompyuta yake: kitumbua.
Herufi mbili nimebonyeza. Mstari haupo.

Lakini sikuumia hapo.
Niliumia mwanzo, mlango ulipofunguka
na seva, kama desturi yake, ikanisomea:
mara ya mwisho kuingia, Jumatano, saa tano na dakika saba usiku,
na tarakimu za nyumbani kwake Tudor.
Nazijua. Mtandao ule nilimfungia mimi.

Siku zote hizo hakuna aliyebisha.
Nikatoka. Nikakaa.
Nikapiga hodi tena, kuhakikisha.

Mara ya mwisho kuingia: leo.
Kutoka Kisauni.