Mizani

Shuleni Mvumi mizani zilikuwa nane kwa nane,
tukizihesabu kwa vidole chini ya dawati.
Humu, mwisho wa korido, mizani ni gramu,
na kina cha mwisho ni mkia
unaoning'inia nje ya bakuli la plastiki.

Ishirini na saba nukta nne.
Thelathini na tisa nukta moja.
Naandika. Upepo wa Julai unapiga mabati ya Ng'ong'onha,
vumbi linaingia hata kwenye tundu la ufunguo.

Panya kumi na wawili wanakula mtama na unga wa dagaa.
Kumi na wawili wanakula donge la njano ninalolikanda mwenyewe:
shahamu ya ng'ombe kutoka machinjioni,
mafuta ya alizeti ya Kibaigwa, sukari kidogo.
Linanukia sikukuu.
Siku ya kwanza nililamba kidole.
Sikumwambia Daktari Ndahani.

Wiki ya pili niliona jambo.
Wa mafuta hawakula kingi kuliko wenzao;
ukipima chakula chenyewe, walikula kidogo.
Lakini kijiko cha mafuta kimebeba zaidi ya vijiko viwili vya unga,
kama kifuko cha misumari kando ya gunia la pumba.
Mwili hauhesabu matonge.
Unahesabu moto.

Kuna boksi la kioo lenye mirija, linahesabu pumzi.
Panya anaingia, anavuta hewa,
na mashine inasema amechoma kuni ngapi tangu jioni.
Nilidhani wanene watakuwa makaa yaliyofukiwa majivuni.
La. Wanawaka kidogo kuliko wembamba – kidogo zaidi, nasema,
sio kidogo chini; nyumba kubwa hula kuni nyingi.
Ila mzigo unaingia kwa lori
na kutoka kwa baiskeli.

Na wamepoteza saa.
Panya ni wa usiku, tangu enzi za vihenge vya bibi.
Hawa wanaguguna saa saba mchana, taa zinawaka,
macho nusu, gurudumu limesimama
na pamba imenasa kwenye vyuma vyake.

Halafu yupo Kumi na Nne.
Donge lile lile, mama yule yule, kizimba kile kile.
Gramu ishirini na nane.
Nilipekua pumba nikidhani anatupa chakula.
Hatupi. Anakula, kisha anapanda ukuta,
anachana karatasi, anaipanga, anaipangua,
kama mtu anayemsubiri mgeni asiyekuja.
Daktari anasema tofauti za kawaida,
anageuza ukurasa.

Dada yangu Nyemo anakaanga chipsi Nkuhungu.
Wateja, midomo inang'aa mafuta yake,
wanamwambia apunguze kula.
Anakula mara moja, saa nne usiku, akishafunga meza,
zile zilizobaki, zimepoa, zimelegea.
Mama alikuwa na mimba yake mwaka ule
ng'ombe mzima aliondoka kwa madebe mawili ya mahindi.
Sijui mwili husikia nini ukiwa bado tumboni.
Humu hatukupima hilo.
Wala sitamwambia kwamba namuwaza
kila ninaposhika mkia.

Leo Ijumaa. Jumatatu Daktari anahitaji maini.
Nimewapima wote, nimebakiza mmoja.
Kumi na Nne anazunguka bakulini, namba zinaruka:
ishirini na saba nukta tisa,
ishirini na nane nukta tatu,
saba nukta nane.
Mizani inataka utulivu, yeye hana wa kuikopesha.
Mwalimu wa Mvumi angeliita guni,
angelikata kwa wino mwekundu.

Nimesubiri.
Bado anazunguka.
Nimeandika *takriban*,
nikaacha kalamu juu ya daftari,
nikamwacha azunguke kidogo.