Msimu wa Pili

Mwaka mzima na miezi miwili tulimngoja mumiani.
Tulimngoja Jadida, chumba cha cherehani cha Thuwaiba,
sare za skuli zimesukumwa ukutani,
simu moja imeegemezwa kopo la vifungo,
vichwa saba, na Bi Mgeni kwenye kiti chake
akiuliza kila magharibi, "Keshafika?"

Msimu wa kwanza ulituweka vibaya.
Kijana wa kuchorwa, mweupe kama tui la kwanza,
miaka mia tatu hana tumboni ila kiu,
na binti muuza maua anayefunga duka usiku.
Sheria yao hawa: hawaingii nyumba ya mtu
mpaka waambiwe karibu.
Sehemu nane alisimama mlangoni.
Mvua ya Kijapani ikamnyea, theluji ikamlala mabegani,
akipiga hodi mara tatu, akirudi zake.
Thuwaiba akitusomea maandishi ya chini, akiyapindua Kipemba,
na Bi Mgeni akasema,
"Mumiani, sawa. Lakini kalelewa."

Sehemu ya kumi na mbili binti akafungua kinywa,
"Ka—"
na picha ikakatika hapo, wimbo ukapanda,
Salhina akalia hata wanja ukamfika kidevuni.
Kijapani sijui alisemaje. Kwa Thuwaiba ilikuwa "ka".

Tuliigawana "ka" hiyo kama kipande cha halua.
Kauthar alisema ni karibu, itakuwa nini tena.
Biubwa, mchokozi, alisema ni kafilie mbali.
Mie niliilalia, nikaamka nayo,
nikaenda nayo kazini.

Kisha Faki akashuka melini Mkoani na kadi mfukoni.
Rangi zimekolea. Wachoraji wengine, pua imerefuka.
Na dakika ya nne tu, mlango uko wazi, naye yumo ndani.
Hakupiga hodi.
Hakuna aliyesema karibu. Ile "ka" yetu
waliimeza.
Kamshika binti shingo, nyota zinaanguka, fidla zinalia,
na sisi tunatakiwa tupende.

"Rudisha nyuma, umeruka sehemu!" Salhina.
Faki akaapa hakuruka.
Kauthar akalalamikia nywele, nywele tu,
kama mtu aliyeibiwa nyumba nzima akaulizia ufagio.
Biubwa aliipenda, wallahi aliipenda:
mwanamume hachumbii kizingiti, alisema,
hata nyinyi mlichoka, semeni kweli.
Wakavutana hata kopo likapinduka.
Bi Mgeni akajifunga mtandio. "Sasa ndiye mumiani,"
akaenda kulala, sehemu ya kwanza haijesha.

Nassra hakuwa amesema kitu.
Nassra karudi kwao Rajabu iliyopita, na sanduku moja.
Alikuwa chini anaokota vifungo, kimoja kimoja,
akasema, kama anayehesabu,
"Wamechora sawasawa. Ndivyo wanavyoingia."

Thuwaiba akazima simu. Alisema ni chaji.

Mie kazi yangu ni damu.
Maabara ya hospitali, Wete, dirisha la pili,
pamba, spiriti, vichupa vya vifuniko vyekundu.
Watoto wakiniona huniita jina lile lile la yule,
na mama zao hunitishia nalo: nyamaza, atakunyonya.
Miaka tisa nashika mikono, natafuta mshipa, naingia.
Nani kanikaribisha?

Asubuhi ile kaletwa mtoto wa Shaame, miaka sita, homa siku ya tatu,
mkono kaukunja kama anaficha peremende.
Nikaiweka sindano kwenye sahani.
Nikagonga kiwiko chake kwa kidole, mara moja, mbili, tatu.
"Hodi."
Mamake akacheka. Foleni ikanung'unika nje, mtu akakohoa makusudi.
Mtoto akanitazama mie, akaitazama sahani, akanitazama mie.
"Ka—" akaanza.

Nikangoja amalize.