Laini ya Wizi

Mwezi wa tatu, bati lilimchana Ombori kiganja
huko Mukuru, akiunganisha maji usiku.
Nyama ikatuma vibomba vyake, vyembamba kama uzi,
damu ikafika, kidonda kikaziba,
na mwili ukafunga koki bila kuambiwa.

Leo, Mbagathi, chumba cha picha,
daktari anaelekeza kalamu kwenye ini:
uvimbe, saizi ya ndimu,
umejivutia mishipa mipya. Umeomba damu, umepewa.

Ombori anasogelea kioo, anakaza macho.
"Bila mita," anasema.
"Hii kazi naijua. Huyu alichimba usiku."

Dawa, anaambiwa, itajaribu kukata laini.

Anakitazama kiganja: kovu kavu, limenyamaza.
Miaka ishirini amewakimbia watu wa kukata laini.
Leo anauliza watafika saa ngapi.